Mhariri, chipsi baada ya jimu si haramu ila peke yake hazitoshi

Kwako Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu chakula wanachokula vijana wetu wakitoka kunyanyua vyuma, mana huku Ng'ambo kila jioni ukipita baada ya magharibi unakuta mambo ni yale yale, mtu keshapiga benchi, keshapiga skwati mpaka magoti yanatetemeka, anatoka jimu fulana imelowa jasho anavuka barabara anaagiza chipsi kavu na soda baridi. Hapo hapo wenzake wanaanza kubishana. Huyu anamwambia chipsi sumu wewe, mazoezi yako yote umeyatupa, yule anasema muache ale mwili unataka nguvu, na hakosekani wa tatu anaetaka kumuuzia pauda ya protini ya kopo. Ubishi huu hauishi, na wanaoumia ni watoto wa miaka 16, 17 wanaoanza chuma sasa hivi ambao wanamuamini yeyote mwenye kifua kikubwa.

Mimi ninavoona chipsi na vyakula vyengine vya haraka si haramu baada ya chuma, wala havifuti mazoezi. Tatizo ni kwamba sahani nyingi tunazouziwa zimejaa wanga na mafuta, na kile ambacho misuli inakitaka khasa, yaani protini, kimekuwa ni nyongeza ya kulipia ukibakiwa na pesa. Ukigeuza mpango huo, protini ikawa ndo unayoiagiza mwanzo na chipsi zikaja kidogo pembeni, basi hata kibandani hapo hapo unapata chakula kizuri tu cha baada ya tizi.

Niwape haki yao kwanza hawa wanaosema kula chochote, mana wana utafiti wanaoutegemea na ni wa kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana kule Marekani walichukua wanaume 11 waendesha baiskeli wakawaendesha dakika 90 mpaka nguvu zikawaishia, alafu wakawapumzisha masaa 4. Siku moja waliwalisha vile vyakula maalum vya wanamichezo vya viwandani, siku nyengine wakawalisha vyakula vya haraka, baga, chipsi, soda na chapati za maji za kwao. Walikata hadi vipande vidogo vya misuli kupima ile akiba ya wanga inayohifadhiwa ndani ya msuli imerudi kiasi gani, kisha wakawaendesha tena kilomita 20. Hakukuwa na tofauti ya maana, si kwenye akiba wala kwenye mwendo. Habari hiyo ilisambaa sana na mpaka leo watu wanaitumia kujitetea.

Lakini jamani tusome vizuri kabla ya kuinua mkono kuagiza. Wale ni watu wa baiskeli, na kilichopimwa ni kurudi kwa akiba ya wanga, hakikupimwa kujengeka kwa msuli. Chakula chenyewe walipimiwa, hawakuachiwa wajipakulie. Na walikula kwa siku ya jaribio tu, hakuna aliyelishwa hivo kila jioni mwaka mzima. Sasa mtu wa chuma akishika matokeo hayo akasema basi chipsi kavu zinatosha, anaomba ushahidi kwenye kesi isiyokuwa yake, mana mtu aliyepiga kifua na mikono kwa saa moja hakumaliza akiba yake kama yule wa baiskeli, na kama hana tizi jengine siku hiyo hiyo basi ile akiba itarudi taratibu kwa chakula cha kawaida cha nyumbani. Wali tunao, muhogo tunao, mikate ya boflo tunayo. Wanga visiwani hapa haujawahi kuwa shida.

Shida iko kwenye protini, na hapa naomba nikae kidogo. Ukinyanyua vyuma unauambia msuli ujijenge, na wa kuujengea ni protini. Kwa mlo mmoja baada ya mazoezi kijana wa kawaida anahitaji kama gramu 20 mpaka 25 hivi, na kwa siku nzima kuna uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 zenye watu 1,863, ukaonesha kwamba faida ya kuongeza protini inafika ukingoni kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Kijana wa kilo 70 maana yake ni gramu 112 kwa siku. Sasa chukua chipsi kavu, gramu 100 zake zina protini gramu 3 hivi, mafuta kama gramu 15 na kalori kama 300. Sahani ya kushiba yenye gramu 300 ni kalori kama 900 na protini gramu 10 tu, na soda juu yake inaongeza sukari na protini haiongezi hata chembe. Huyo amekula kalori za milo miwili na misuli bado ina njaa.

Chipsi mayai je? Hapa wengi watashangaa. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai mawili na chipsi zake unafika kwenye gramu 20 na kitu, hesabu inakubali. Ukimwambia muuzaji apunguze chipsi nusu aweke mayai matatu inakuwa bora zaidi na wengi hawakatai, ni kuzoea tu kuomba. Tena usitupe kiini cha yai kama wanavofanya baadhi ya wenzetu wanaojiita mapro, mana mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwalisha vijana waliotoka kunyanyua vyuma mayai mazima siku moja na ute mtupu siku nyengine, protini gramu 18 kila upande, na msuli ulijijenga zaidi siku waliyokula yai zima.

Robo kuku anakupa gramu 25 au zaidi, na kuku wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaanga. Mishikaki mitatu minne ya nyama ya kweli inafika pia, ingawa siku hizi kuna mishikaki vipande vyake unavitafuta kwa tochi. Urojo naupenda wallahi, ila ukiuangalia kama chakula cha mtu wa chuma basi ni unga, mbatata, bajia, kachori na chipsi za muhogo, protini yake iko kwenye yai na mshikaki utakaotia mwenyewe, kwa hiyo tia yai, tia na mishikaki, alafu kunywa kwa raha zako. Pitsa ya Forodhani ina nyama ya kusaga na yai ndani, si mbaya mara moja moja, lakini unga umekaangwa na mayonezi imejaa, usiifanye ndo mlo wako wa kila tizi.

Na vyakula vya haraka vilivyo bora tunavyo sisi wenyewe, hata kupikiwa huhitaji kusubiri. Pweza aliyechemshwa, gramu 100 zina protini karibu 30 na mafuta gramu 2 hivi tu, hapo pauda huihitaji. Watu wameishika supu ya pweza kwa sifa zake nyengine wakasahau kwamba ni chakula cha misuli. Najua pweza amepanda bei kwa sababu ya mahoteli na wanunuzi wa kusafirisha nje, basi kuna dagaa, wale dagaa wakavu wetu wanaobebwa mpaka Kongo, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini na sisi tunawaona chakula cha shida. Kuna maharage ya nazi, kikombe kimoja kilichopikwa kina gramu 15 hivi, na boflo pembeni unakaribia 20. Kuna mayai ya kuchemsha yanayopitishwa kwenye ndoo na kachumbari. Kuna mtindi. Vyote hivi ni vya haraka kuliko kusubiri foleni ya chipsi.

Kuhusu mafuta niseme bila kuficha, mafuta yanayokaangiwa leo, kesho na keshokutwa mpaka yamekuwa meusi mazito yanatoa moshi, hayo si ya kumlisha mtu, awe mpiga chuma au mtoto wa skuli. Mafuta yakichemshwa mara nyingi yanaharibika na yanazaa vitu vyenye madhara, na wauzaji wanalijua hilo, ila dumu ni ghali. Na chumvi nayo, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, sasa angalia chipsi zinavonyunyizwa na sosi zinavomiminwa juu yake. Kijana wa miaka 20 hahisi kitu leo. Mafuta pia yanachelewesha chakula tumboni, ndo mana ukila chipsi nyingi saa tatu usiku unalala tumbo limejaa na asubuhi huna hamu ya chai.

Kuna hili la nusu saa. Makocha wengi wanawatisha watoto kwamba usipokula ndani ya dakika 30 tizi limekwenda bure, na kwa hofu hiyo mtu anakamata chochote kilicho karibu, na kilicho karibu na jimu zetu ni chipsi. Wachambuzi waliokusanya tafiti za jambo hili mwaka 2013 walikuta kwamba ukishahesabu protini ya siku nzima, ule muda wenyewe faida yake inapotea. Msuli uliofanyishwa kazi unaendelea kupokea protini vizuri kwa siku nzima na zaidi. Kwa hiyo kijana ambaye mama yake amepika wali na samaki nyumbani Kwahani au Jang'ombe, arudi nyumbani akale, asali isha yake, misuli haitakimbia. Naona vibaya sana mtoto anaacha samaki wa mamake ndani ya sufuria kwa sababu kocha kamwambia akimbilie kibandani.

Mwezi wa Ramadhani ndo khasa haya yanaonekana. Vijana wengi wanapiga chuma baada ya tarawehe, na futari yetu ilivo ni muhogo, majimbi, ndizi, viazi vitamu, tambi, kaimati, sambusa, vitamu vyote lakini wanga juu ya wanga, samaki ni kipande kimoja cha watu wote. Alafu akitoka jimu saa tano usiku anapita tena kwenye chipsi, na daku anaamka anakunywa chai na mkate. Mwezi ukiisha analalamika kapungua mwili. Mimi ningemwambia protini yake ya siku aigawe mafungu matatu, samaki au maharage kwenye futari, mayai au kuku baada ya tizi, na daku asiliache bila ya mtindi au mayai au kiporo cha mchuzi wa samaki.

Pauda siipigi vita, ni maziwa yaliyochujwa tu na kijiko kimoja kwa kawaida kinakupa kama gramu 24, sawa na mayai manne. Mwenye pesa na mwenye uhakika wa anaemuuzia anunue. Ila kumuuzia mwanafunzi kopo la bei kubwa huku unamwambia bila hilo hajazi kifua, huo ni uongo na mimi siwezi kuunyamazia.

Nnaomba wenye jimu wafanye jambo dogo sana, waweke ndoo ya mayai ya kuchemsha na maji ya kunywa pale mlangoni, watauza na faida watapata. Wauzaji wa chipsi nao waweke sahani ya mayai matatu na kachumbari yenye chipsi chache, waiandike ubaoni kama wanavoandika nyengine, na mafuta wayamwage yakishakuwa meusi.

Na wewe Mhariri kama una mwandishi wa afya mtume jioni moja aje akae nje ya jimu yoyote ya mjini, au Chake, au Wete kule Pemba, aongee na hawa vijana. Asiwaulize wanakula nini saa hiyo, awaulize wamekula nini tokea asubuhi. Wengi nikiwauliza naambiwa asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili, mchana wali na mchuzi ambao nyama yake ni kipande kimoja, basi. Huyo kafika jimu saa kumi na mbili hajapata hata gramu 30 kati ya zile 112, na hapo ndo tunaanza kubishana naye kuhusu chipsi.

Ahsante,

Mpiga chuma, Ng'ambo, Unguja