Jebel Shams haina geti, jamani msije na chupa moja ya maji

Ndugu Mhariri,

Mie Mzanzibari, nipo Muscat mwaka wa saba sasa, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Kila ikifika Disemba ndugu zetu wanashuka huku kutoka Unguja, Dar, Mombasa, na kabla hata hajamaliza kunywa kahawa mtu anakwambia nipeleke Jebel Shams, ule mlima wa huku Oman, keshaona picha kwenye simu, watu wamekaa ukingoni miguu inaning'inia na chini yao bonde halina mwisho. Na sie wenyeji tunajibu twende tu, mlima wa kutwa ule, asubuhi unapanda jioni upo nyumbani unakula. Hilo neno "wa kutwa" ndilo lililotuponza sie, ndo mana nakuandikia.

Tulikuwa watano. Safari tuliipanga kwenye grupu la WhatsApp, mmoja akaandika "tukutane saa 9, asichelewe mtu". Wanne tukaelewa saa tisa za usiku, ili jua likichomoza tuwe tushaanza kupanda. Wa tano kazaliwa hapa hapa Muscat, Kiswahili anakimwaga kama maji ila saa anahesabu za huku, kwake yeye saa 9 ni saa tatu yetu ya asubuhi, na bahati yetu mbaya gari la four wheel ni lake! Tumekaa barazani na mabegi yetu kama wasafiri wa meli, simu inaita haipokelewi, mpaka saa kumi na moja kasorobo ndo kaamka anatuuliza mbona mapema hivi. Tulicheka sana. Jioni yake hakucheka mtu.

Kutoka Muscat ni masaa matatu na zaidi, unapita Nizwa, unakata kuelekea Al Hamra, unaipita Ghul na magofu yake ya udongo na mawe, halafu gari linaanza kupanda kona kwa kona. Kule juu kina mama wanafuma vitu vya sufi ya mbuzi na watoto wanakukimbilia kukuuzia. Tukasimama, tukaanza kusemana wenyewe kwa Kiswahili kwamba huyu mzee na zulia lake bei gani hii, katuona mabwege. Mzee katulia tu, kanyoosha zulia lake, akasema, "Bei ya Darajani hiyo wanangu, sijapandisha." Loo! Kumbe kakulia Unguja. Shikamoo zikatutoka tano kwa mpigo. Akatuitikia marahaba, akaangalia jua, akauliza, "Mnakwenda mpaka juu, saa hizi?" Tukamwambia ndio babu, tunakwenda na kurudi. Akasema, "Basi mtarudi gizani, na mwezi leo haupo." Tukamshukuru, tukanunua vikuku viwili, tukaondoka.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Njia yenyewe haina shida kuiona mchana, mawe yamepakwa rangi ya njano, nyeupe na nyekundu kama kibendera, unafuata hizo tu. Mwanzo unatembea pembeni ya bonde, ukichungulia chini unaona kama kilomita nzima ya ukuta wa mwamba na mwewe wanaruka CHINI yako, mie miguu ilikufa ganzi nikarudi nyuma kwa makalio. Baadae ni mlima mtupu, mawe ya chokaa makali kama wembe, miti ya mireteni iliyopindapinda na upepo, na maji hakuna hata tone njia nzima. Kila ukidhani kile ndo kilele unafika unakuta kingine kimekaa nyuma kinakusubiri. Mmoja wetu soli ya kiatu ikabanduka, tukaifunga na kamba ya begi. Mie nilibeba lita moja na nusu, saa sita mchana nimebakiwa na funda mbili.

Tumefika juu saa nane na nusu. Mita 2,997, hicho ni kilele cha kusini ndo raia wanafika, kile cha kaskazini kina rada za jeshi huruhusiwi. Uzuri wake siwezi kuueleza vizuri, milima ya Hajar imekunjana mpaka macho yanachoka, na lile jabali lote zamani lilikuwa chini ya bahari. Tukakaa nusu saa, picha, tende, picha tena.

Sasa hapa ndo ninapotaka tuelewane. Sie tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua linazama kwenye saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, hatuangalii hata. Huku Disemba saa kumi na moja na nusu limeshazama, na ukiwa milimani linakukimbia mapema zaidi. Giza likatukuta hatujafika hata nusu ya kurudi. Kwa tochi ya simu zile rangi huzioni, nyeupe inafanana na jiwe lolote, na bonde lipo upande wa kulia huku halionekani, unalisikia upepo wake tu. Tukashikana mabega kama watoto wa chekechea, mwenye kiatu kibovu katikati, simu mbili zimezima kwa baridi. Gari tumeligusa saa mbili na nusu usiku, masaa kumi na mbili kamili, midomo imekauka hatuwezi hata kulaumiana.

Na hakuna aliyejua tupo wapi, Mhariri. Kilimanjaro kuna geti, unaandikishwa jina, huendi bila mwongozaji. Meru unapewa na askari wa bunduki kwa ajili ya nyati. Sie tumelelewa na geti, tukikuta mlima uko wazi tunadhani ni kwa sababu hauna neno. Siku ile ile wakati sie tunakaribia juu tulikuwa tumeshapishana na familia moja wanageuza na mtoto amevaa ndala, baba kashika chupa ya nusu lita, angalau yeye kageuza.

Kwa hiyo wakija wageni mie sasa nawapa masharti kabla ya kupanda gari: lita nne kila mtu, tochi ya kichwani, mmoja nyumbani aambiwe tunarudi saa ngapi, na ikifika saa sita mchana popote tulipo tunageuza, hata kilele kiwe pale kwenye pua. Mwezi uliopita binamu yangu kanuna njia nzima kwa sababu niligeuza, alibakisha kama saa moja hivi. Bado hajanisemesha vizuri.

Yule mwenye gari naye siku hizi akiandika kwenye grupu anaweka "saa 9 ya usiku, ya KISWAHILI", herufi kubwa.

Msomaji wako, Muscat