Maji ya mgodi wa makaa yasipimwe kwa pH pekee

Mhariri,

Pampu za mgodi wa makaa ya mawe zikizimwa, maji hupanda taratibu ndani ya mahandaki mpaka yapate pa kutokea. Yakitoka huwa maangavu. Mtu huchovya kipimo cha pH, yaani kiwango cha tindikali, husoma 6.3, karibu na 7 ya maji yasiyo na tindikali, kisha hutangaza kuwa maji hayana neno. Tunawaomba wasimamizi wa migodi na mamlaka za maji waache kabisa utaratibu huo.

Chini huko hakuna oksijeni, hivyo chuma bado kimeyeyuka na hakionekani. Kikikutana na hewa hugeuka kutu, na badiliko hilo lenyewe huzaa tindikali. Kila miligramu 1 ya chuma hula takriban miligramu 1.8 za alkali, yaani uwezo wa maji kuzima tindikali. Maji yenye miligramu 60 za chuma na 100 za alkali kwa lita yanahitaji 108. Alkali itakwisha kabla ya chuma, na pH itaanguka huko chini mtoni, ambako hakuna aliyepima.

Kwa hiyo alkali, pH na oksijeni vipimwe palepale maji yanapotoka, visingoje maabara. Sampuli ya chuma ichujwe kwa kichujio cha mikroni 0.45 na itiwe tindikali ya naitriki papo hapo. Bila hivyo chuma huganda ndani ya chupa na majibu hurudi mazuri kuliko hali halisi. Mtiririko upimwe kiangazi na masika.

Alkali ikitosha, maji yashushwe kwenye ngazi ili yapate hewa, yatuame bwawani kwa saa 48 hivi, kisha yapite kwenye matete. Kadirio la kawaida ni kwamba matete huondoa gramu 10 za chuma kwa mita moja ya mraba kwa siku. Kwa lita 10 kwa sekunde za maji yenye miligramu 60 za chuma kwa lita na alkali ya kutosha, hiyo ni kilo 52 za chuma kila siku, na eneo linalozidi nusu hekta! Ardhi hiyo itengwe kabla mgodi haujafungwa.

Alkali isipotosha, kumwaga mawe ya chokaa kwenye mtaro wazi mara nyingi ni kupoteza fedha, maana kutu huyafunika na kuyeyuka kwake hupungua sana. Hapo inahitajika chokaa ya unga, ikorogwe na kupimwa mfululizo.

Salfeti, chumvi itokanayo na salfa iliyomo mwambani, ni shida nyingine. Chokaa haiishushi vya kutosha, na kuchemsha au kutia klorini hakuiondoi. Mjini eMalahleni, Afrika Kusini, mtambo uliofunguliwa mwaka 2007 huzima tindikali kwanza, kisha husukuma maji kwenye utando wa kuchuja mpaka yanafaa kunywa. Umeme wake ni gharama ya kila siku.

Makaa hayafanani, na hatusemi ya Ngaka au Kiwira, migodi ya hapa Tanzania, yatatoa tindikali kama ya huko. Lakini maji ya kwanza baada ya mahandaki kujaa kwa kawaida ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa huosha chumvi zilizojilimbikiza ukutani miaka yote ya uchimbaji. Mwamba upimwe salfa sasa, wakati pampu bado zinafanya kazi, na majibu yabandikwe ofisi za vijiji vilivyo chini ya mgodi. Na mabwawa yajengwe mawili sambamba, ili moja likizolewa tope jingine liendelee kupokea maji.

Wataalamu wa maji ya migodini,
Mbeya