Mheshimiwa Waziri wa Afya, naomba kipimo cha kirusi cha CMV kwa watoto waliopandikizwa ini

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mwanangu alizaliwa mirija ya nyongo imeziba, macho ya njano, choo cheupe kama chokaa, tukachangiwa na ndugu mpaka tukafika India akapandikizwa ini, na ini lenyewe ni kipande cha ini langu mimi. Operesheni ilienda vizuri, Mungu mkubwa, ila ninachoandikia ni yale yaliyotukuta baada ya kurudi Dar.

Iko hivi, mtoto aliyepandikizwa anapewa takrolimasi asubuhi na usiku ili mwili usilikatae ini, sasa dawa hiyohiyo inamshusha kinga, virusi vinapata mwanya. Kuna hiki kinaitwa CMV, watu wazima wengi tunacho kimelala tu mwilini wala hatujui, lakini mtoto ambaye hajawahi kukutana nacho akipewa ini la mama mwenye nacho anakipatia humohumo. Yaani mimi niliyempa uhai ndo huenda nilimpa na ugonjwa, hilo sijalizoea mpaka leo. Madaktari wa kule walimwandikia valgansiklovia ya miezi 3 kumkinga.

Ile dawa ilipoisha, mwezi wa 4 homa ikaanza, anaharisha, hata uji hataki. Hospitali tuliyokimbilia wakapima malaria hakuna, wakasema ni UTI, antibayotiki siku 5, homa palepale, chembe nyeupe za damu zinashuka, na mimi nimeshika mkononi karatasi ya India imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu kwamba akipata homa apimwe wingi wa CMV haraka. Kipimo hatukupata, damu ikasafirishwa nje, majibu siku ya 9, halafu dawa ya kutibu CMV, gansiklovia ya dripu, nayo tukaletewa na mtu aliyekuwa anarudi toka India, kwenye begi lake la nguo. Siku zote hizo mtoto kanilalia kifuani anachemka.

Mheshimiwa, mashine za PCR tunazo, ndo zinazopima wingi wa virusi vya UKIMWI, UVIKO zilitusaidia, kinachotakiwa ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vya CMV na vya kirusi kingine kinaitwa EBV, maana hicho kwa watoto kama hawa kinaweza kuleta hata saratani ya matezi. Na Bohari ya Dawa iweke hizo dawa hata kidogo. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, na wagonjwa hao wanameza dawa za kushusha kinga hizihizi na virusi ni vilevile, kwahiyo siombi kwa ajili ya mwanangu peke yake.

Manesi wa kliniki nao waelekezwe jamani, juzi nusura achomwe chanjo ya surua, ile ina kirusi hai na madaktari wake wameikataza kabisa, nimebishana pale mpaka nikalia.

Mwezi ujao anapimwa tena. Nakuomba safari hii damu yake isipande ndege.

Mama yake, Mbagala