Uliniuliza walikuwa wangapi

Winnipeg, 24 Agosti 2024

Mpendwa Mama Baraka,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu wewe, Baba Baraka na watoto wote, na ukipita Nyegezi usiache kumfikishia mama yangu salamu. Sisi huku wazima. Furaha amenipita kimo tangu mwezi wa tano, na ukimwona utadhani ndiye aliyenizaa.

Ujumbe wako wa sauti niliupata nikiwa kazini, nikausikiliza mara mbili. Mwishoni uliuliza, "Na huko kwenye Shule ya Biblia ya Likizo, watoto wangapi waliokoka?" Nikabonyeza kukujibu, maneno yakakataa kutoka. Basi nimeona niandike barua, kama tulivyoandikiana ulipokuwa chuoni Tabora, maana jibu lake ni refu.

Nianze na mahali penyewe. Panaitwa Norway House, hapa hapa Kanada, kaskazini ya Ziwa Winnipeg, pale Mto Nelson unapoliacha ziwa kwenda Ghuba ya Hudson. Ziwa lenyewe ni kama theluthi ya letu la Viktoria. Wenyeji ni Wakree, mojawapo ya makabila ya asili ya Kanada, na wao hupaita Kinosao Sipi, yaani mto wa samaki. Kutoka hapa kwa gari ni kama kilomita 800. Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, watu saba wa kanisani, magari mawili, na kutwa nzima ni miti ya misonobari na vijiziwa, misonobari na vijiziwa. Mwisho unavuka mto kwa kivuko. Nilipokiona nikakumbuka kile cha Kigongo, kwetu Mwanza, ila hapa hapana foleni wala mtu wa kukuuzia samaki dirishani. Mwezi wa saba jua linazama karibu saa nne usiku, na mbu wake, ndugu yangu, usiwaulize.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kazi yangu kanisani ni maandalizi. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa mezani kwangu nikikata karatasi za rangi, nikipanga masomo ya siku tano, nikihesabu penseli. Na nilitengeneza vibandiko vya namba, moja mpaka sitini, vya kubandika kifuani kwa kila mtoto ili tusipoteze hesabu yao kando ya maji. Kule Mwanza tulifanya hivyo hivyo kwenye semina za watoto, wakumbuka? Nilijiona mwangalifu. Tulipanga pia gari moja lipite nyumba kwa nyumba kila asubuhi kuwakusanya watoto.

Jumapili jioni kina mama wa kanisa mwenyeji walikaa nasi, wakatupa chai na samaki wa kukaanga na mkate wao wa bapa uitwao bannock. Baada ya kula mmoja wao akasema taratibu kwamba gari lisipite kuchukua watoto. Wazazi watawaleta wenyewe, na atakayetaka kukaa atakaa, na mabibi watakuwa na viti vyao humo humo kwenye hema la masomo mpaka mwisho. Kiongozi wetu akajibu kwamba gari lilikuwa la kuwasaidia tu. Yule mama akasema anajua, lakini gari lisipite. Hakuongeza neno, nasi tukakubali.

Jumatatu asubuhi watoto wakaja. Nilisimama mlangoni na vibandiko vyangu. Nilishabandika kama kumi na tano hivi alipofika bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka sita. Kule bibi wanamwita kookum. Nikambandika mtoto namba 16, nikamwambia karibu. Yule kookum akainama, akakibandua kile kibandiko polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akakikunja mara mbili, akakiweka kiganjani mwangu. Akasema, "Nilipokuwa na umri wake, mimi pia nilipewa namba." Hakuniambia ilikuwa ngapi. Akamshika mjukuu mkono wakaingia.

Mama Baraka, historia hii nilikuwa naijua. Nilifanya mtihani wa uraia, niliisoma. Kwa zaidi ya miaka mia moja serikali ya Kanada ililipia shule za bweni na makanisa yakaziendesha, Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti na wengineo, na watoto wa wenyeji wapatao 150,000 walipitia humo. Mwaka 1920 sheria ilibadilishwa ikawa lazima. Mzazi aliyekataa kumtoa mtoto aliadhibiwa. Watoto walinyolewa nywele, wakavalishwa sare, wakaitwa kwa namba, wakachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Maelfu walifia huko, wengi kwa kifua kikuu, na wengine wazazi hawakuonyeshwa hata kaburi. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, sisi tukiwa tayari tunasoma. Na hapo hapo Norway House palikuwa na shule mojawapo hadi 1967. Yote haya yalikuwa kichwani mwangu, na bado nilikaa mezani kwangu wiki nzima nikiandika namba za kuwabandika wajukuu wao, nikitoka kanisani, nimeshika Biblia.

Nilikwenda nyuma ya hema nikalia. Kisha nikarudi, nikapita kwa kila mtoto niliyembandika, nikakiondoa, nikamwuliza jina lake nikaliandika kwa mkono. Ilinichukua karibu saa nzima na somo la kwanza likachelewa. Mwenzetu mmoja akaniambia nakuza mambo, watoto wenyewe hata hawajui. Watoto huenda hawajui, lakini waliokaa kwenye viti vya nyuma wanajua, na hema lile ni lao.

Siku zilizofuata nilifundisha kidogo kuliko nilivyopanga. Kulikuwa na mvulana wa miaka minane kwenye kiti cha magurudumu, mpenda mpira kuliko wote, na kila siku alikuja na mlezi wake. Kwa kuwa kazini kwangu nashughulika na watoto kama yeye, nikazungumza sana na yule mlezi, akanisimulia habari za Jordan River Anderson. Huyu alikuwa mtoto wa Norway House, alizaliwa 1999 na maradhi mazito, akalazwa hospitalini Winnipeg. Madaktari walisema anaweza kwenda kulelewa nyumbani, lakini serikali kuu na ya jimbo zikabishana nani alipie, kwa sababu ni mtoto wa Mataifa ya Kwanza, yaani wa wenyeji wa asili. Walibishana zaidi ya miaka miwili. Alifariki 2005 akiwa na miaka mitano, hajawahi kulala hata usiku mmoja kwenye nyumba ya familia. Tangu 2007 kuna kanuni yenye jina lake: mtoto ahudumiwe kwanza, serikali zibishane baadaye. Mimi hujaza fomu zenye jina hilo karibu kila mwezi kazini, na sikuwahi kujua Jordan alikuwa mtu.

Lakini siku ninayotaka uione ni Alhamisi. Nilikuwa nawafundisha pambio letu lile la makofi matatu. Walilipenda, Kiswahili wakakitamka vizuri ajabu. Msichana mmoja wa miaka kumi akauliza, "Anti, tunaweza kuliimba kwa Kikree?" Nikasema bila shaka, nifundisheni. Wakatazamana. Walikuwa na salamu, tansi, na maneno ya kuhesabu, na majina ya wanyama. Mstari mzima hawakuuweza. Basi nikawaambia, nendeni mkawaulize walioko nyuma.

Wakaenda wote. Watoto arobaini na kitu wamewazunguka mabibi sita, kila mmoja anavuta mkono wa kookum wake. Mabibi wakaanza kushindana wao kwa wao, huyu anasema hivi, yule anasema hapana, mama yangu alitamka hivi, na kicheko juu. Nikauliza "nakupenda" ni nini. Yule kookum wa Jumatatu akanijibu: kisakihitin. Nikamwambia na kwetu ni neno moja vilevile, na-ku-penda, mimi nimo, wewe umo, na pendo limo katikati. Akanitazama, akaniomba nirudie polepole. Akalitamka silabi kwa silabi, kisha akasema Kiingereza kinahitaji maneno matatu. Tangu pale akawa ananipangia kiti karibu yake.

Ndipo akanionyesha kitabu chake cha nyimbo, kimechakaa, kimeandikwa kwa maandishi yao, alama kama pembetatu na ndoano zinazogeuzwa huku na huku kubadilisha irabu. Mmisionari James Evans alifika hapo 1840 na kuchapa nyimbo kwa maandishi hayo. Madini ya risasi ya kutengenezea herufi aliyapata kwenye bitana za masanduku ya majani ya chai, wino ni masizi na mafuta ya samaki. Wapo Wakree wasemao maandishi hayo walipewa na Mungu kabla ya mzungu yeyote, na ukiona mabibi wanavyokishika kile kitabu hutataka kubishana. Nikapiga hesabu: mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844. Hawa walikuwa wameshachapiwa nyimbo zao. Nasi tulitoka Winnipeg na maboksi ya karatasi za rangi tukidhani tunawapelekea habari mpya.

Na kitabu kile kile kilikuwa kwa lugha ambayo baadaye watoto wao walipigwa kwa kuisema. Hilo sijalimaliza moyoni. Nilimwuliza kookum anawezaje kuketi kanisani bado. Alikaa kimya muda mrefu hata nikajuta kuuliza. Akasema mama yake alikuwa akimwimbia nyimbo hizo kabla hajachukuliwa, kwa hiyo ni za mama yake, si za shule.

Usiku ule nilikumbuka kile kibao, Mama Baraka. Kibao cha mbao tulichovalishwa shingoni pale bweni kwa kusema Kiswahili, na ukikutwa nacho jioni unachapwa. Wewe ulikivaa siku tatu mfululizo. Sisemi yetu yalingana na yao. Sisi likizo ilifika tukapanda basi tukaenda kwetu, mama zetu wanatusubiri stendi. Lakini nilielewa kwa nini mtoto anaweza kukua akiionea aibu sauti ya bibi yake, maana nilifanya hivyo mwenyewe.

Kwa sababu Ijumaa, wakati wa kuagana, yule msichana wa miaka kumi aliniuliza, "Kookum wako naye anaongea Kiswahili?" Nikasema hapana, alikuwa akisema Kisukuma. "Basi tuimbie cha kookum wako." Wote wakakaa kimya kunisikiliza. Nikatoa mwangaluka, nikatoa maneno mawili ya ule wimbo bibi aliotuimbia tukipukuchua mahindi, na hapo nikakwama. Wimbo mzima ninao sauti yake, maneno sina. Watoto hawakunicheka. Yule msichana akaniambia, "Kaulize watu wa nyuma."

Sasa turudi kwenye swali lako. Ofisi ya kanisa ilinitumia fomu ya taarifa, na ina sehemu ya kujaza idadi ya watoto waliompokea Yesu. Nimeiacha wazi. Nimeandika chini yake kwamba watoto walikuja na wazazi wao na mabibi zao, wakakaa pamoja mpaka mwisho, na hakuna aliyehesabiwa. Mchungaji hakufurahi. Aliniita, akasema wafadhili wanahitaji takwimu. Nilimweleza habari ya kibandiko, akanyamaza, lakini fomu bado anaitaka. Mimi sitaijaza. Si kwamba imani yangu imepoa, na usije ukanielewa vibaya au ukamtia mama wasiwasi. Naomba sasa kuliko nilivyokuwa nikiomba. Ila mtoto aliyeletwa na bibi yake, na bibi huyo anamjua Mungu tangu kabla mimi sijazaliwa, mimi nimwandike kama mavuno yangu?

Nimeomba kitu kimoja. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza habari za shule zile za bweni, ilitoa miito 94 mwaka 2015, na wa 59 unayataka makanisa yawafundishe waumini wao yale makanisa yaliyoyafanya. Nimemwambia mchungaji, kabla ya mtu yeyote kupanda gari mwakani, tukae tusome. Amekubali Jumatano mbili za mwezi wa kumi. Mwenyeji wetu naye ameniita tena, ila amesema nije Agosti, wakati wa mashindano yao ya mashua za kale, na nije jikoni. Nimeshawaahidi maandazi.

Sasa nakutuma. Ukienda Nyegezi, nenda na simu yako yenye chaji. Mkalishe mama, mwambie mwanao anauomba ule wimbo wa kupukuchua wa bibi, wote, polepole, na maana ya kila neno, kwa Kisukuma cha ndani kabisa na si hiki chetu cha mjini. Atasema amesahau. Mpe mahindi mkononi aanze kupukuchua, ataukumbuka. Usikate sauti hata akikosea na kurudia, nitumie yote.

Wako akupendaye,
Mama Furaha