Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama kilikuwa na kazi moja kubwa: kutengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na miradi inayohitaji watu. Mikutano ilifanyika kama ilivyopangwa, na hesabu atazisoma mweka hazina.

Tulianza vibaya. Rasimu ya kwanza ilimtaka mwanafunzi ajisajili, ajaze wasifu na kupakia vyeti kabla hajaona mradi hata mmoja. Tulichora skrini hizo kwenye karatasi, tukampa mwanafunzi wa mwaka wa pili azipitie. Alipofika penye "uzoefu wa kazi" aliweka kidole hapo, akanyamaza. Kisha akauliza, "Huo uzoefu si ndio nimekuja kuutafuta?" Fomu nzima tuliifumua wiki hiyohiyo.

Sasa miradi inaonekana kwanza, bila akaunti. Kila tangazo lazima liseme kazi yenyewe ni ipi, ni saa ngapi kwa wiki, nani atamsimamia mwanafunzi, na kama kuna malipo. Lisilotaja malipo halipandishwi. Baadhi ya wenye miradi wamelalamika. Kwa upande wangu, sitakubali sharti hili lilegezwe: kijana asije akafanya kazi muhula mzima ndipo aambiwe alikuwa anajitolea.

Vitufe tumevikuza hadi dp 48 (dp ni kizio cha kupimia ukubwa wa vitu kwenye skrini), kipimo kinachopendekezwa kwa simu za Android, kwa sababu watu walikuwa wakigusa "Ondoa" wakidhani wamegusa "Omba". Tangazo lililokwisha kufunguliwa linasomeka hata mtandao ukikatika. Kuhusu arifa, yaani jumbe fupi ambazo programu humtokezea mtumiaji kwenye simu, tangu toleo la Android 13 la mwaka 2022 programu hulazimika kumwomba mtumiaji ruhusa ya kuzituma, na akishakataa ni vigumu kumgeuza. Kwa hiyo tunaomba ruhusa hiyo pale tu anapotuma ombi lake la kwanza, maana hapo ana jibu analolisubiri. Vijana waliojitolea kuandika msimbo usiku baada ya masomo, nawashukuru kwa moyo wote.

Kinachoninyima usingizi ni uchache wa miradi. Mwanafunzi akifungua mara mbili akakuta matangazo yaleyale, ya tatu hafungui. Ndiyo maana kamati imeamua tuanze na kitivo kimoja, tukijaze miradi, kisha tusogee kingine. Namwomba kila mwanachama alete mradi mmoja kabla ya mkutano ujao, ukiwa na saa zake, malipo yake na jina la msimamizi.

Mwenyekiti