Kazi ya Jumamosi: feni zinazonguruma bila kuzunguka

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana tena katika karakana yangu hapa Milimani, Kisumu, na kwa kuwa kadhaa kati yenu mmeniarifu kwamba feni zenu zinanguruma bila kuzunguka, nimeonelea tuanze na kazi hiyo.

Kabla hujakata tamaa na mota, chomoa plagi kisha uzungushe mapanga kwa mkono. Yakiwa mazito, huenda mhimili umekauka au umejaa vumbi, nao huhitaji kusafishwa na kutiwa matone machache ya mafuta ya cherehani. Yakizunguka kwa wepesi, mimi hushuku kwanza kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme), ambayo hudhoofika kwa joto na umri hadi ikashindwa kuipa mota msukumo wa kuanzia. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji) zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, na kiwango chake cha volti kisipungue. Kwa hiyo tafadhali msiitupe ya zamani kabla ya kwenda sokoni Kibuye.

Nawasihi sana kuhusu usalama. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240, na kapasita inaweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo asiguse mtu ncha zake kabla sijamwonyesha namna ya kuiondoa chaji hiyo.

Kila mmoja aje na bisibisi ya nyota, kitambaa kikavu na viatu vilivyofunika vidole. Mwenye feni ya kuleta aniandikie kufikia Ijumaa jioni, ili nipange meza.