Barua kwa mpwa wangu aliyeegemea mwamba

Mpwa wangu,

Picha zako za mapango ya Sterkfontein zimenifikia. Mama yako amenirushia zote kwenye simu. Nimefurahi kwamba masomo ya Johannesburg yamekuachia nafasi ya kwenda kuona mahali lilipopatikana fuvu la zamadamu aitwaye Mrs Ples mwaka 1947. Ila kuna picha moja nimeikuza mpaka macho yakaniuma: ile uliyopiga nje, umeegemea mwamba. Nyuma ya bega lako la kushoto kuna mistari myembamba ya kijivu, imepinda kwenda juu, mmoja umelala juu ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Umekipa mgongo kitu kikongwe kuliko vyote ulivyoviona siku ile.

Hizo ni stromatoliti, mpwa. Mwamba wenyewe ni dolomiti ya Malmani, jiwe la jamii ya chokaa, na umri wake ni takriban miaka bilioni 2.5. Enzi hizo pale palikuwa bahari ya maji mafupi yanayopenya jua, haina samaki wala konokono. Waliokuwamo ni bakteria, wameshikamana wakawa utando wa utelezi, kama ule unaoota ndani ya pipa la maji lisiposuguliwa. Utando ulinasa chembe za chokaa zilizopita na maji. Tena bakteria walipovuta hewa ya ukaa kutoka majini ili wajitengenezee chakula kwa mwanga wa jua, chokaa ilijitenga na maji ikaganda palepale. Wakifunikwa, walipanda juu kuufuata mwanga, wakatandika tabaka jingine. Tabaka nyembamba kama ukucha, halafu nyingine, halafu nyingine, hadi mwamba ukapita unene wa kilomita moja!

Wewe umelelewa Mji Mkongwe, kwenye kuta za mawe ya matumbawe, kwa hiyo unajua kiumbe laini anaweza kujenga jiwe. Lakini hawa hawakuwa hata na mdomo.

Sasa turudi kwenye mifupa, maana ndiyo iliyokupeleka. Maji ya mvua yakibeba hewa ya ukaa huwa na ukali kidogo, huila dolomiti polepole. Ndivyo mapango yale yalivyochimbika. Chokaa iliyoyeyuka ikadondoka ndani tone kwa tone, ikashikana na udongo na mifupa, vikawa kama zege. Mwaka 1997 Stephen Motsumi na Nkwane Molefe waliingia pangoni na taa za mkononi na nakala ya kipande cha mfupa wa mguu, wakatafuta ukutani mpaka wakaona kilipokatikia. Huyo ndiye Little Foot, zamadamu mwingine, na aliyemshikilia miaka yote ni chokaa iliyotoka kwenye kazi ya bakteria. Nikilifikiria hilo, siwezi tena kuutenga mwamba na zamadamu waliomo.

Ukienda tena, chukua chupa ya maji. Mwagia kidogo mwamba wa nje, si wa pangoni. Ukilowa, mistari hujitokeza vizuri. Usibandue hata kijipande, pale ni Urithi wa Dunia tangu 1999. Wasemao Kiafrikana huuita mwamba huo jiwe la tembo, kwa mikunjo ya juu yake. Pitisha kiganja na utajua sababu.

Kisha nipigie picha nyingine palepale, safari hii usimame pembeni.

Mjomba wako